Bunduki ya "Majimaji" yenye taji la Mfalme George

Ndugu Mhariri,

Mmechapisha picha mbili za bunduki kuukuu katika ukurasa wenu wa historia. Chini ya moja mkaandika kwamba ilitumika katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Chini ya nyingine mkaandika kuwa ni bunduki ya gumegume (inayowashwa kwa cheche za jiwe) ya karne ya 18, enzi za biashara ya watumwa. Mpiga picha wenu anastahili pongezi, maana amesogea karibu hadi maandishi ya kwenye chuma yanasomeka. Tatizo ni kwamba maandishi hayo yanasema mengine kabisa. Sisi tunaojishughulisha na ukaguzi wa silaha za kale tunakutana na makosa ya namna hii mara kwa mara, magazetini na kwenye vibandiko vya maonyesho, na mengi yangeepukika kama chuma kingesomwa kabla ya hadithi kuandikwa.

Tuanze na hiyo ya "Majimaji". Upande wa kulia, chini kidogo ya mkono wa boliti (komeo linalofungia risasi ndani), kuna shingo ya chuma ambamo ubao wa kitako umechomekwa. Hapo panaonekana taji, chini yake herufi G.R., kisha neno ENFIELD, mwaka uliokwaruzwa, halafu Sht.L.E. (kifupi cha Short Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Waingereza) na tarakimu III yenye nyota. G.R. ni Mfalme George, na George wa Tano alirithi kiti mwezi Mei 1910. Nyota ile nayo ina tarehe yake: Waingereza waliidhinisha toleo la III* mwanzoni mwa mwaka 1916, ili kurahisisha uundaji wakati wa vita, wakaacha kuweka kizuizi cha magazini na vilenga vya masafa marefu vya ubavuni. Kwa hiyo hata mwaka ukiwa umefutika, bunduki hiyo haiwezi kuwa ya 1905. Toleo hilo lilipoidhinishwa, Kinjeketile, mganga aliyeongoza Majimaji, alikuwa amekwisha kunyongwa miaka zaidi ya kumi.

Vita vilipoanza Umatumbi mwezi Julai 1905, wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore. Askari wa Wajerumani walibeba kwa wingi Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayopakiwa risasi moja moja na kutoa wingu la moshi wa baruti nyeusi, na nyuma yao kulikuwa na bunduki za rashasha. Anayetaka kutuonyesha silaha ya Majimaji ya upande wa serikali basi atuonyeshe ubavu wa kushoto wa mtambo wenye maandishi I.G.Mod.71 kwa herufi za Kijerumani za kale, na juu ya mtutu jina la kiwanda: Spandau, Amberg, Danzig, Erfurt, Steyr au Mauser wenyewe wa Oberndorf. Ikiwa chini ya mtutu kuna neli ya kubebea risasi 8, hiyo ni 71/84, ndugu yake mdogo.

Herufi za wafalme ndiyo njia ya haraka kuliko zote kwa silaha za Kiingereza, na haihitaji kifaa. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. E.R. ni Edward wa Saba, hadi 1910. G.R. inafuata. Kuna alama nyingine ndogo ambayo wengi huipita: mshale mpana wa serikali ya Uingereza. Ukiona mshale mmoja, silaha ilikuwa mali ya jeshi. Ukiona miwili imeelekezana ncha kwa ncha, jeshi liliiuza au kuitoa kihalali. Bunduki iliyosimuliwa kuwa "ilinyakuliwa vitani" huku ikiwa na mishale miwili inayotazamana ina maswali ya kujibu.

Sasa hiyo ya gumegume. Hapa kosa lenu linaeleweka, kwa sababu umbo la bunduki linadanganya kuliko kitu kingine chochote. Mtu akiona jiwe la kiberiti na mtutu unaopakiwa kwa mdomoni, moja kwa moja anafikiria mwaka 1780. Lakini bunduki za gumegume ziliendelea kuundwa Liège, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza, muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuzitupa, kwa ajili ya soko la Afrika peke yake. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulichangia sana. Mataifa yaliyotia saini yalizuia silaha za kisasa, hasa zenye mifuo (mifereji inayozungusha risasi) ndani ya mtutu, kuingizwa katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, yaani pwani yetu nzima na bara lake. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa masharti ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Matokeo yake, mfanyabiashara wa mwaka 1900 aliagiza bunduki ya mtindo wa babu yake, mpya kabisa, kutoka kiwandani.

Utaitambuaje? Nendeni kwenye mtutu, karibu na mtambo, upande wa kushoto au chini yake. Silaha ya Liège ina muhuri wa nyumba ya majaribio, mahali mtutu ulipopimwa kama unahimili baruti: yai lenye herufi ELG na nyota chini yake. Kuanzia mwaka 1893 juu ya yai hilo paliongezwa taji. Katika picha yenu taji lipo, linaonekana wazi, sentimita chache mbele ya tundu la kuwashia. Basi mtutu huo ulijaribiwa mwaka 1893 au baadaye. Huenda mzee aliyewaonyesha anasema kweli kwamba ilikuwa ya babu yake. Ila kama ni hivyo, babu aliinunua wakati Wajerumani wamekwisha kujenga maboma yao.

Kwa zile za Birmingham kuna mpaka mwingine ulio wazi: mihuri ya kabla ya 1904 ina taji juu ya fimbo mbili zilizopishana, na kuanzia mwaka huo inakuja taji juu ya BP na BV. Neno TOWER, jina la ghala ya silaha za jeshi mjini London, kwenye bamba la mtambo lisiwababaishe. Wafanyabiashara walijua kwamba wateja wa Afrika wanalipenda, wakaligonga kwenye bunduki za bei rahisi zisizowahi kuiona ghala ya jeshi. Musketi ya kweli ya jeshi la Uingereza ina taji lenye herufi za mfalme chini yake, mshale mpana, na mihuri midogo ya wakaguzi. Iliyoandikwa TOWER na taji tupu, bila herufi na bila mshale, ni ya biashara. Mdomo wa mtutu nao unasema: musketi ya jeshi ya muundo wa India, ya tangu miaka ya 1790, ina upana wa takriban milimita 19 na urefu wa mtutu wa sentimita 99. Za Kampuni ya India ya Mashariki, ambazo kuzikuta pwani si ajabu, zina simba aliyesimama, au moyo uliogawanywa kwa zile za kabla ya 1808. Na tuseme wazi: bunduki ya biashara ina thamani yake ya historia, tena kwa nchi zetu pengine ni kubwa kuliko ya jeshi, kwa kuwa ndiyo hasa iliyofika Tabora na Ujiji. Kinachoiharibu ni kibandiko cha uongo.

Eneo ambalo uongo umestawi zaidi ni la "bunduki za Lettow", yaani von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila wilaya ina moja. Hapa tarehe zinabana vizuri sana, kwa sababu Afrika Mashariki ya Kijerumani ilizingirwa na manowari za Waingereza tangu 1914. Meli mbili tu za misaada ndizo zilizofika: Rubens, iliyoingia ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga mwezi Aprili 1915, na Marie, iliyotia nanga Sudi karibu na Lindi mwezi Machi 1916. Ndege kubwa ya gesi, L 59, iliyoondoka Bulgaria mwezi Novemba 1917, ilirudishwa ikiwa juu ya Sudani. Kwa hiyo Mauser ya mwaka 1898 yenye taji, jina la kiwanda na mwaka 1917 juu ya mtambo haikupigana chini ya Lettow. Hakukuwa na njia ya kuifikisha. Bunduki hiyo imekuja baadaye, labda na mwindaji wa kizungu au kutoka mabaki ya jeshi yaliyouzwa Ulaya. Uthibitisho wa pili ni mkubwa zaidi: baada ya vita, jeshi dogo la Ujerumani liligonga mwaka 1920 kwenye silaha zake kama alama ya mali halali. Ukiona miaka miwili, tuseme 1915 na juu yake 1920, ujue mwaka 1920 silaha hiyo ilikuwa kwenye ghala Ujerumani. Lettow alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Na alisalimisha nini? Wengi wanaoandika kuhusu jambo hili hawajajiuliza. Bunduki 1,071 zilizohesabiwa siku ile zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Za Kijerumani zilikuwa zimekwisha kuharibika, kukosa risasi na kutupwa njiani. Tangu mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wa Lettow walikuwa wakijipatia silaha kwa adui: bunduki 455, rashasha 16 na risasi 600,000 ziliachwa pale na jeshi la Waingereza na Wahindi. Mwezi Novemba 1917 wakaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, wakabadilisha silaha zao kwa wingi. Bunduki ya Kireno inayohusika ni Mauser-Vergueiro ya 1904, ya milimita 6.5, iliyoundwa Berlin. Ina herufi za Mfalme Carlos chini ya taji juu ya mtambo, na mkono wa boliti unapita katikati ya daraja la nyuma lililopasuliwa, tofauti na Mauser ya 1898 ambayo daraja lake ni zima. Mkiipata ikiwa fupi na mtutu wa milimita 7.92, hiyo imebadilishwa na Wareno wenyewe kwa muundo wa 1939. Bado ni halisi kama silaha ya Kireno, lakini si ya Ngomano katika hali iliyo nayo.

Utaona basi kwamba chuma kinaweza kukanusha hadithi kwa uhakika, ila hakiwezi kuithibitisha peke yake. Lee-Enfield ya 1912 yaweza kuwa ilitekwa Tanga, na yaweza kuwa ilikaa ghalani Nairobi hadi polisi wa kikoloni wakaiuza. Hakuna muhuri wa kutofautisha. Wajerumani porini hawakuwa na muda wa kugonga alama kwenye kila bunduki waliyookota. Anayedai zaidi ya hapo alete karatasi: orodha ya makabidhiano, leseni ya zamani, picha ya wakati huo.

Wajerumani wana faida moja kubwa kwa mkaguzi: waligonga namba karibu kila kipande. Kwenye Mauser ya 1898 namba kamili, ambayo kwa kawaida haizidi tarakimu 4 na hufuatwa na herufi ndogo, ipo kwenye mtutu, mtambo, boliti na ubao. Tarakimu mbili za mwisho zinarudiwa kwenye vipande vidogo, pete za mtutu, vilenga, hata vichwa vya skrubu. Zikilingana zote, una silaha iliyotoka kiwandani ikiwa hivyo. Boliti peke yake ikiwa na namba tofauti, usikurupuke kusema bandia. Silaha zinaposalimishwa boliti huchomolewa na kurundikwa kando, na zikirudishwa hakuna anayetafuta ya kwake. Lakini mtutu wa namba moja, mtambo wa nyingine, pete za tatu na ubao usio na namba kabisa, hiyo ni silaha iliyounganishwa kutoka makapi, na haki yake ni kuelezwa hivyo.

Namba iliyogongwa upya ili ilingane ndiyo mtego mbaya. Chukueni lenzi ya kukuza mara 10 na tochi ya simu, mlaze mwanga ubavuni mwa chuma badala ya kuumulika usoni. Herufi ya kiwandani imegongwa kwa nyundo na chapa ngumu: sakafu yake ina kina sawa kote, kuta zake ni safi, na weusi au ukahawia ulio nje umeingia hadi ndani ya herufi, kwa sababu chapa ilitangulia rangi. Ikiwa pande zote chuma kimeiva kahawia na ndani ya herufi ni kweupe, herufi ni changa. Tazama pia mahali alama inapokutana na kishimo cha kutu. Kutu halisi hula ukingo wa herufi, ukingo unakuwa na meno. Kama herufi imepita katikati ya kishimo na ukingo wake bado ni mkali kama wa kisu, basi kutu ilikuwepo kwanza na mgongaji akaja baadaye. Jaribio hili dogo limeangusha "hazina" nyingi kuliko vitabu.

Kwa ndugu zetu walio Oman na jamaa zao wa Unguja na Mombasa, kuna Martini-Henry. Bunduki hizi za Kiingereza zilizopitishwa jeshini mwaka 1871 bado zinabebwa katika sherehe za Kiomani, na Masqat ilikuwa soko lake kubwa hadi ghala la serikali la kudhibiti silaha lilipoanzishwa mwaka 1912. Kutoka hapo zilivuka kwenda Makran (pwani ya Iran na Pakistani ya leo) na mipaka ya Afghanistan, na mafundi wa huko wakajifunza kuzinakili kwa tupa na moto. Nakala hizo zimetapakaa. Ya kweli ya jeshi, upande wa kulia wa mtambo, ina taji, V.R., kiwanda, mwaka na alama ya toleo, I hadi IV. Mafundi wa milimani hawakujua kusoma Kiingereza, wakachora walichokiona: N imegeuzwa kinyume, ENFIELD imekosa herufi, taji limekaa kama kofia iliyokaliwa, mistari inapanda na kushuka. Kioja kikubwa ni V.R. ikifuatwa na mwaka kama 1907 au 1919, malkia akiwa kaburini zamani. Herufi zake mara nyingi zimechorwa kwa patasi, vidonda vifupi vifupi vilivyounganishwa, wala hazijagongwa kwa chapa.

Usiishie kwenye maandishi. Tazama mdomoni: Martini-Henry ina mifuo 7 inayozunguka kulia, na upana wa ndani wa milimita 11.4 hivi. Nakala huwa na mifuo isiyolingana upana, au pungufu. Kingo za mtambo wa Enfield zimenyooka. Za nakala zinayumba ukizipitisha kwenye mwanga, kwa sababu tupa ya mkono huyumba. Tahadhari moja: mkikuta Martini yenye mtutu mwembamba wa .303, msiitangaze bandia kabla ya kugeuza upande wa kushoto. Uingereza yenyewe ilizibadilisha nyingi miaka ya 1890, na huko kushoto ikagonga alama za pili zenye herufi M.E. na mwaka wa mabadiliko. Zisizo na taji wala V.R., zenye mihuri ya Birmingham tu, ni za biashara, na ni halisi vilevile.

Kuhesabu mifuo kunasaidia pia kwa nyingine ambazo maandishi yamefutika. Mauser ya 1871 na ya 1898 zina mifuo 4 kwenda kulia, Lee-Enfield 5 kwenda kushoto, Lee-Metford iliyoitangulia 7 kwenda kushoto. Snider ndefu, bunduki ya Kiingereza ya kabla ya Martini-Henry, yenye mdomo wa karibu milimita 14.7, ina 3. Kipimio cha vernia cha kawaida kinatosha, kikipimwa mara mbili kwa pembe tofauti, kwa kuwa midomo ya mitutu ya pwani imeliwa na chumvi.

Tunakuja kwenye jambo linalotuuma. Kuna ofisi za umma na za makumbusho madogo ambako kila ikikaribia sikukuu vijana wanapewa msasa, stilwaya na Brasso ili bunduki "zing'ae". Ziking'aa, zimekwisha. Msasa unalainisha kingo za mtambo, unapunguza kina cha herufi hadi mwaka hausomeki, na kuzunguka tundu la skrubu unaacha bonde dogo kama sahani, ambalo haliondoki tena. Ubao ukipigwa msasa unashuka chini ya chuma. Wa asili husimama juu ya chuma kwa unene wa kucha hivi, na mihuri ya wakaguzi iliyogongwa kwenye mbao hupotea kwa dakika chache. Varnish ya dukani inamaliza kazi. Baada ya hapo hata mkaguzi mzuri hawezi kusema kama silaha ni halisi, kwa sababu alichotaka kusoma kimegeuka vumbi sakafuni.

Kutu ya bandia nayo ipo, ya siki au chumvi iliyomwagwa wiki iliyopita. Ni ya rangi ya chungwa, imesambaa sawasawa, inatoka kidoleni. Kutu ya miaka mingi ni kahawia iliyokolea, ngumu, nene zaidi mahali mkono haufiki. Ukilegeza pete ya mtutu, chini yake pawe tofauti na nje: mara nyingi weusi wa kiwandani umebaki pale, mng'avu, umezuiwa na pete. Chini ya pete kukiwa na kutu ileile ya chungwa, mtu ameifungua karibuni. Skrubu nazo zisemeshwe. Mfereji wa skrubu ya zamani ni mwembamba na sawa. Ukiwa umepanuka na kuraruka, bisibisi isiyo saizi imepita. Skrubu ya nyota kwenye silaha ya 1900 haihitaji mjadala, kwani skrubu za namna hiyo zilienea miaka ya 1930.

Matengenezo ya zamani yaachwe. Kitako cha mninga kilichochongwa na seremala wa kijijini badala ya ubao wa kizungu uliovunjika, ngozi mbichi iliyokaushwa kuzunguka shingo ya kitako, waya wa shaba: hayo ni maisha ya silaha hapa kwetu, na ni ushahidi kwamba ilitumika. Kinachohitajika kwenye chuma ni kitambaa kikavu, kisha mafuta ya cherehani kidogo sana, utando tu, na glavu za pamba kwa anayeishika, maana jasho lina chumvi. Isiwekwe kwenye ala ya ngozi wala mfuko wa plastiki. Vyote vinatunza unyevu.

Magobore ya mafundi wetu yasichanganywe na ya nje. Mengi mitutu yake ni bomba la maji la nusu inchi: kipimo cha nje kama milimita 21, ndani karibu 16, na ukimulika ndani unaona mstari wa kiungo umetambaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mengine yana mabaki ya madini meupe ya zinki nje, au hata uzi wa kufungia bomba uliosahaulika mdomoni. Hayana muhuri wowote wa majaribio, na mengi ni ya baada ya uhuru.

Kabla ya yote hayo, kuna usalama. Gobore lililokaa darini miaka 60 laweza kuwa limeshindiliwa, na baruti nyeusi ikiwa kavu haipotezi nguvu. Mdomo uelekezwe mahali pasipo na mtu, fataki ikiwa imekaa juu ya chuchu (kijibomba cha kuwashia) isiguswe, kichwa cha mtu kisikae mbele ya mtutu. Chukua kijiti chembamba cha mti, si cha chuma, kiteremshe polepole hadi kigote, weka alama mdomoni, kitoe, kilaze nje ya mtutu alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ikifika kwenye tundu la kuwashia, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita 3 au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Hapo kazi ya mmiliki imekwisha. Asichokoe, asimwage maji, asipashe moto. Aite polisi. Na kwa kuwa tumewataja: ukongwe wa bunduki usidhaniwe kuwa ni kibali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sura ya 114 ya sheria zake, na mwenye kitu cha urithi nyumbani bila karatasi ni heri aende mwenyewe kituoni kabla hajapigiwa picha na gazeti.

Kwenu tuna ombi dogo. Mwandishi wenu akienda tena kuipiga picha silaha ya kale, alete sita: ubavu wa kulia wa mtambo, wa kushoto, juu ya mtutu pale unapoingia kwenye mtambo, mdomo wa mtutu ukiwa na rula pembeni, bamba la kitako, na silaha nzima. Mwanga utoke ubavuni. Maandishi yasijazwe chaki wala majivu ili yaonekane. Katika maelezo, kinachosomeka kwenye chuma kiandikwe kama kilivyo, na anachosema mwenye nayo kiandikwe kuwa ni kauli yake. Namba kamili ya silaha na jina la kijiji inapotunzwa visichapishwe, kwa sababu wezi nao wanasoma gazeti.

Wasomaji wenu,
Wakaguzi wa silaha za kale,
Tanga